Nani Anaamua Duka Likae Wapi? Kimamba na Hatima ya Miji Midogo ya Reli

Kimamba, wilayani Kilosa, ni mji ulioletwa na vitu viwili: Reli ya Kati na mkonge. Vyote viwili vimebadilika kuliko mji wenyewe ulivyoweza kubadilika. Leo Kimamba ina kata mbili, Kimamba A na Kimamba B, ina wakulima na wafugaji wanaoitegemea kwa mahitaji ya kila siku, na ina senta ya biashara iliyopangwa kwa ajili ya uchumi ambao haupo tena. Swali linaloikabili linazikabili pia Ngerengere, Korogwe na miji mingine mingi midogo nchini: senta ya zamani ihuishwe, au biashara iachwe ihamie inakopenda?

Mjadala wetu kuhusu maduka na masoko huishia Kariakoo na kwenye habari za machinga wa majiji. Lakini mkulima wa mbaazi wa Kilosa hauzii Kariakoo. Anauzia senta iliyo karibu naye, na hapohapo ananunua sabuni, jembe na dawa ya mbegu. Senta hiyo ikidorora, bei ya mazao yake hushuka na bei ya mahitaji yake hupanda. Kwa hiyo jambo hili haliwahusu wenye maduka peke yao.

Msimamo wangu ni huu: duka halikai mahali kwa matakwa ya mwenye duka tu. Linafuata kituo cha treni, stendi, gulio, ofisi, maji na umeme, na mahali pa kuweka vitu hivyo huamuliwa na Serikali. Anayesema biashara ijipange yenyewe anasahau kwamba tayari imepangwa, ila na watu wasiokaa meza moja na wasioulizwa matokeo.

Mji wa kipande na treni

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya Wajerumani. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mkonge ulikuwa umetangulia. Miche ya kwanza ililetwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, kutoka Florida, ikapandwa pwani ya kaskazini. Zao hilo na reli vilihitajiana. Majani ya mkonge ni mazito na hayasafirishwi mbali kabla ya kukamuliwa, kwa hiyo kila shamba lilihitaji mashine yake, ile ambayo wafanyakazi huiita korona. Nyuzi zikishakauka zinafungwa robota, na robota zinahitaji treni. Ndiyo maana mashamba yalijipanga kandokando ya reli, na vituo kama Kimamba vikawa miji. Enzi ya Waingereza mashamba mengi ya Kilosa yalikuwa ya Wagiriki na Waasia, na vibarua wengi walikuwa manamba walioletwa kutoka mikoa ya mbali. Tangu 1944 kazi ya kuwakusanya iliratibiwa na ofisi ya waajiri wa mkonge iliyojulikana kama SILABU.

Ili kuelewa kwa nini maduka yalikaa pale yalipokaa, tazama kipande. Kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kibarua akimaliza kazi aliyopimiwa, siku moja iliwekewa alama. Asipoimaliza, siku hiyo haikuhesabiwa. Mshahara ulilipwa nafasi zote 30 zikijaa, na mara nyingi hilo lilichukua zaidi ya mwezi wa kalenda. Katika wiki hizo zote mtu alikula kwa mkopo. Mwenye duka aliandika kwenye daftari: unga, mafuta ya taa, kitambaa. Kipande kikijaa, deni likalipwa. Biashara ya namna hii isingeweza kukaa popote. Muuzaji alitakiwa kuwajua wateja wake kwa sura, kuwa karibu na mahali mishahara inapolipwa, na kuwa karibu na kituo ambako bidhaa zinashushwa. Kituo, maghala na maduka vilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, na pembetatu hiyo ndiyo iliyokuwa Kimamba.

Mapigo yaliyofuatana

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge, kiwango ambacho hakijafikiwa tena. Kisha kamba za plastiki ziliteka soko la dunia na bei ikaanguka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Kufikia miaka ya 1990, uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Mashamba mengi yakageuka pori, na mji uliotegemea siku ya mshahara ukakosa siku hiyo.

Pigo la pili lilitoka kwenye sera za biashara zenyewe. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuziweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Katika miji midogo majengo yaliyofikia thamani hiyo hayakuwa mengi, lakini hofu ilienea mbali kuliko sheria. Familia nyingi za wafanyabiashara wenye asili ya Asia ziliondoka, na pamoja nazo zikaondoka mikopo, mawasiliano na wauzaji wa jumla. Biashara ya jumla ikashikwa na Kampuni za Biashara za Mikoa, zile RTC ambazo watu wa makamo wanazikumbuka kwa foleni. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Bidhaa zilipungua haraka kiasi kwamba Serikali ililegeza msimamo mwaka huohuo.

Pigo la tatu halisemwi sana, nami naliona kubwa kuliko mengine kwa upande wa mipango. Kuanzia 1972, mpango wa Madaraka Mikoani ulivunja serikali za mitaa. Mamlaka za miji zilirejeshwa kuanzia 1978, na za wilaya zikarudi kwa sheria za 1982. Kwa miaka yote hiyo mji mdogo haukuwa na baraza la kuulizia mfereji uliozibwa au soko lililobomoka. Mji unaokosa mwenyewe kwa muongo mzima hupoteza majengo, ramani, kumbukumbu za viwanja na mazoea ya kutunza.

Pigo la nne ni usafiri. Barabara ziliimarika, treni ya abiria ikadhoofika, na mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 katika bonde la Mto Mkondoa yaliharibu vibaya njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, huku maelfu ya wakazi wa Kilosa wakikosa makazi. Mfanyabiashara wa Kimamba aliyekuwa bado anategemea behewa alilazimika kujifunza kutegemea lori.

Miji mitatu ya wilaya moja

Wilaya ya Kilosa ilikuwa na watu 438,175 kwa sensa ya 2012, na sensa ya 2022 ilionyesha wamepita 600,000. Watu hao wanahudumiwa na miji mitatu inayoonyesha njia tatu tofauti za senta kukua.

Mikumi imekua kwa barabara. Reli ya tawi kutoka Kilosa iliifikia mwaka 1960 na kusogea hadi Kidatu mwaka 1965, na Hifadhi ya Taifa ikaanzishwa mwaka 1964. Lakini kilichoipa Mikumi sura yake ni barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na Zambia. Malori yanasimama, madereva wanakula na kulala, na maduka yamejipanga kwa urefu kufuata lami. Fedha ipo, lakini haina uhakika wa mahali pa kukaa. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zimeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati. Anayejenga ndani ya mita hizo huishi akisubiri alama ya X nyekundu ukutani. Mtu anayesubiri kubomolewa hajengi choo cha kudumu na haweki sakafu nzuri, wala hawezi kutumia kibanda chake kama dhamana benki. Juu ya hayo, wateja na watoto wanavuka mbele ya malori mchana na usiku.

Kilosa imekua kwa ofisi. Ndiyo makao makuu ya wilaya, yenye hospitali, mahakama na idara zote. Sasa ina pia kituo cha reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Lami kutoka Dumila kupitia Rudewa nayo imeifikia. Mkazi wa Kilosa anaweza kwenda Dar es Salaam kununua bidhaa na kurudi bila kulala njiani.

Kimamba haina lori la Mikumi wala ofisi za Kilosa. Ina ardhi ya kilimo na watu wanaoilima. Tatizo ni kwamba ardhi iliyoizunguka iligawiwa mashamba makubwa kwa hati za muda mrefu, na mji wenye mashamba pande zote hauna pa kupanuka. Viwanja vya katikati ni vichache na vipya havipatikani, huku baadhi ya mashamba yakikaa bila kulimwa. Serikali imekuwa ikifuta hati za mashamba yaliyotelekezwa wilayani Kilosa, hatua ambayo wananchi waliidai kwa miaka mingi na iliyostahili. Ila ikifika zamu ya kugawa, mazungumzo huwa ni ekari ngapi kwa wakulima na ekari ngapi kwa wafugaji. Ni nadra kusikia mtu akiuliza mji nao utapata nini, na upande gani.

Sheria ipo, meza ni nyingi

Hatukosi sheria. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inataka mji uwe na mpango kabambe na michoro ya kina, na inataka kibali mtu anapobadilisha matumizi ya kiwanja. Sheria za ardhi za 1999 zinatenganisha ardhi ya jumla na ya kijiji. Sera ya Maendeleo ya Makazi ya mwaka 2000 ilikwisha kuzungumzia makazi yasiyopangwa. Udhaifu uko katika mtiririko wa maamuzi.

Chukua fremu. Mtu ana nyumba ya kuishi pembeni mwa barabara. Anavunja ukuta wa mbele, anaweka milango miwili ya chuma, anapangisha kwa kodi ya miezi sita au mwaka mmoja inayolipwa mkupuo. Mpangaji anakwenda ofisi ya biashara ya halmashauri kuomba leseni. Ofisi ya biashara inatazama kama amelipa kodi ya mapato na ana namba ya mlipakodi. Si kazi yake kuuliza kama mtaa ule ulipangwa kuwa wa maduka. Idara ya ardhi haijui kwamba leseni imetolewa. Mhandisi hakuona ukuta ukivunjwa. TANESCO inaunganisha umeme, TANROADS au TARURA inashughulika na hifadhi ya barabara yake, na kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU bila kujali ndani mnauzwa nini. Kila ofisi imefanya kazi yake kihalali, na matokeo ya jumla ni kwamba biashara imehamia njia panda na katikati ya mji kumebaki milango iliyofungwa. Mwenye fremu simlaumu. Amefanya hesabu sahihi kwa mazingira aliyowekewa.

Upande wa pili, tunapotaka kurekebisha, tunajenga jengo. Machinga Complex pale Ilala, Dar es Salaam, ilijengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu, kwa sababu wateja walikuwa chini barabarani na hawakuwa na sababu ya kupanda juu. Mwaka 2021 machinga waliondolewa kwenye barabara za majiji na kupelekwa maeneo maalumu. Walikokutana na stendi na wapita njia walibaki, walikopelekwa pembeni wengi walirudi. Funzo ni moja: wateja hawahamishwi kwa tangazo.

Swali ambalo Waingereza walijifunza kuliuliza

Uingereza ilipitia tatizo hili kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 makundi makubwa ya maduka yalijengwa nje ya miji, karibu na barabara kuu. Meadowhall karibu na Sheffield, iliyofunguliwa mwaka 1990, ni mfano unaotajwa sana. Katikati ya miji kukafifia. Mwaka 1996 serikali ya huko iliweka kanuni ya mfuatano: anayetaka kujenga duka kubwa aonyeshe kwanza kwamba hakuna nafasi inayofaa katikati ya mji, kisha kwamba hakuna pembeni mwa katikati, ndipo afikiriwe nje.

Kanuni hiyo haikuponya kila kitu. Woolworths ilifunga maduka yake yote zaidi ya 800 kufikia Januari 2009, na biashara ya mtandaoni imeendelea kuchukua wateja. Hata hivyo iliwalazimisha maafisa kuuliza swali moja kwa utaratibu, na hilo ndilo la kuazima. Maduka makubwa yenyewe hayatuhusu sana. Mlimani City ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 2006 na imestawi kwa wateja wenye magari, lakini Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka nchini mwaka 2014. Biashara ya rejareja ya Kimamba ni genge, duka la mtaani, duka la pembejeo, wakala wa fedha za simu, fundi cherehani, mama lishe na gulio. Mshindani wa senta kama hii ni njia panda iliyo karibu, pamoja na uzembe wa kuacha stendi, soko na zahanati vikae pande tatu tofauti.

Senta kwanza: mambo yanayowezekana

Jambo la kwanza halihitaji fedha nyingi: chora mpaka wa senta. Mtaa gani hadi mtaa gani ni eneo la biashara la Kimamba? Mpaka ukishapitishwa na kubandikwa ofisi za kata, kila idara ilazimike kuuliza swali la mfuatano. Kituo cha mafuta, ghala, soko, ofisi ya umma, tawi la benki: je, kuna nafasi ndani ya mpaka? Kama ipo, kibali cha nje kisitolewe kabla ya sababu kuandikwa. Maombi ya leseni ya biashara yapitie kwa afisa mipango miji kabla ya kusainiwa. Duka dogo la mtaani lisiguswe na kanuni hii, kwa sababu mama hapaswi kutembea kilometa mbili kufuata chumvi.

La pili ni usafiri. Reli ya kisasa imefanya Kilosa kuwa lango, na Kimamba itafaidika iwapo gari za abiria kati yake na kituo cha Kilosa zitaanzia na kuishia sokoni. Stendi ikipelekwa pembeni kwa sababu kiwanja cha pembeni ni rahisi kupatikana, wateja watakwenda nayo, na hakuna soko jipya litakalowarudisha.

La tatu ni maghala. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wenye sheria yake tangu 2005, umeanza kutumika kwa ufuta na mbaazi katika Mkoa wa Morogoro. Ghala la chama cha msingi ndilo mahali ambapo mkulima hupeleka mzigo na kufuatilia malipo yake. Likiwa ndani ya mpaka wa senta, siku ya malipo inarudi mjini kwa sura mpya. Likiwa shambani kando ya barabara kuu, fedha inapita bila kugusa duka hata moja. Mji wa reli una faida hapa, maana ulipangwa tangu mwanzo kwa kazi ya kupokea na kutunza mizigo.

La nne ni ardhi. Kila hati ya shamba inapofutwa jirani na mji, sehemu ipimwe kwa ajili ya mji kabla ya kugawa mashamba, na ianzie pale senta inapoishia badala ya kuruka hadi barabarani. Viwanja vya biashara visiwe vikubwa. Mita chache za mbele zinazogusa mtaa zinatosha, ili wengi wapate.

La tano ni ushuru. Mfanyabiashara analipa ushuru wa soko, leseni na ushuru wa huduma, kisha anaona choo kimefungwa na mfereji umejaa taka. Halmashauri itenge kiasi kinachojulikana cha makusanyo ya soko kirudi sokoni, kwa maji, choo, taa na mifereji, na hesabu ibandikwe sokoni kila robo mwaka. Mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iweze pia kutumika kukarabati fremu za katikati zilizofungwa, kwa mkataba wa miaka kadhaa kati ya kikundi, mwenye nyumba na halmashauri.

Pingamizi zenye uzito

Wapo watakaosema hizi ni kanuni nyingine za kuwasumbua wanyonge. Hofu hiyo ina historia nyuma yake: Operesheni Maduka ya 1976 na kuondolewa kwa machinga 2021 vyote viliamriwa kwa jina la mpangilio. Ndiyo maana kanuni ninayoipendekeza inaelekezwa kwa miradi mikubwa na kwa Serikali yenyewe, na haimhamishi aliyekwisha kukaa. Anayeuza njia panda aendelee. Senta imvute kwa choo safi, taa na wateja.

Wengine watasema Kilosa itaimeza Kimamba, hivyo ni heri fedha zote ziende makao makuu. Watu zaidi ya 600,000 hawawezi kuhudumiwa na mji mmoja, hasa ulio kwenye bonde lililokwisha kufurika. Miji miwili yenye kazi tofauti, mmoja wa ofisi na abiria, mwingine wa mazao na pembejeo, ina usalama zaidi kuliko mmoja uliobeba yote.

Pingamizi la tatu ni uwezo. Afisa mipango miji wa wilaya ana eneo kubwa na vifaa vichache. Ni kweli, na kwa hiyo mpango wa Kimamba uwe wa kurasa chache: mpaka mmoja, swali moja la mfuatano, orodha fupi ya vitu visivyoruhusiwa kutoka katikati. Mpango mkubwa unaokaa kabatini haumsaidii mtu, lakini mtendaji wa kata anaweza kusimamia kanuni tatu anazozijua kwa kichwa.

Reli ya Wajerumani ilijenga miji kwa sababu waliopanga kituo walipanga pia maghala na viwanja vya maduka kando yake, japo kwa faida ya wakoloni. Sisi tumejenga reli kubwa zaidi na barabara bora zaidi, kwa fedha zetu na mikopo tutakayoilipa wenyewe. Kupanga kinachokaa kando yake ni sehemu ya kazi hiyohiyo, na uamuzi wa kwanza uko ndani ya uwezo wa Baraza la Madiwani la Kilosa katika kikao chake kimoja: kupitisha mpaka wa senta ya Kimamba, kisha kuuheshimu.